Gari la Marehemu Limelalia Ubavu

Mchafukoge,
17 Februari 2025

Kwa Najma binti Salumu,

Assalaamu alaykum. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu siku Abdulhamid alipokuoa niliapa kwa Mungu kwamba sauti yako haitaingia sikioni mwangu. Simu ni sauti. Kuandika sikuapa. Ule ujumbe wa sauti ulionitumia siku ya arobaini yake nimeufuta bila kuusikiliza, kwa hiyo kama ulikuwa wa pole, uandike upya. Barua hii anakuletea Kuruthumu muuza vitumbua, maana anapita kwangu asubuhi na kwako baada yangu. Unijibu kupitia yeye huyo huyo, wala asiisome mtu mwingine.

Tuko eda wote wawili. Mimi nimekaa chumba cha uani, nimevaa nyeupe, kioo kimefunikwa, na shangazi yangu kajiweka mlangoni kama askari wa benki. Nadhani na kwako ni hivyo hivyo. Bidhaa za dukani zimekwenda kwa waliomkopesha, duka lenyewe lilikuwa la kupanga. Alichotuachia mume wetu ni lile gari jeusi la Kiingereza, kubwa kama nyumba ya mtu mwenye adabu.

Kabla yako alikuwa na pikapu na akiba ya kunipeleka Makka. Baada yako akawa na gari, akiba hana. Sikulaumu, nakukumbusha tu.

Sasa mdogo wake, Twaha, ndiye anayesimamia mirathi. Anasema gari liko gereji, halijiinui, imekufa kompresa, ile mashine inayosukuma upepo kwenye springi. Likitengenezwa litauzika kwa bei ya maana, lisipotengenezwa ni bati. Nimempa fedha zote za kofia nilizoshona mwaka mzima. Gereji iko nyuma ya mtaa wako. Tafuta mtu amhimize fundi. Likiuzwa, fungu langu ndiyo Hija yangu ya mwakani. Nina miaka sitini na moja, sina mtoto wa kunipeleka, na sitaki kufa sijaiona Kaaba.

Ni mimi,
Maimuna binti Shomari

*

Kariakoo, karibu na Msimbazi,
19 Februari 2025

Kwako Bi Mkubwa,

Shikamoo. Ujumbe ule ulikuwa wa pole, tena nilirekodi mara nne maana nilikuwa nalia. Naandika upya kama ulivyotaka: pole sana, Bi Mkubwa. Ulikaa naye miaka thelathini, mimi miaka mitatu tu. Najua msiba wako ni mkubwa kuliko wangu.

Ila naomba niseme moja, usinikasirikie. Gari lile mimi sikuliomba. Aliponunua aliniambia amelinunua kwa ajili yako. Alisema, "Bi Mkubwa magoti yanamuuma, kwenye pikapu hapandi tena." Nikaona ni haki yako. Mwezi wa tatu tangu alinunue likaanza kuwasha taa za dashibodi, leo ya njano kesho nyekundu, kila taa na bili yake. Mara brekipedi, mara sensa inayoagizwa Dubai. Giaboksi ilipokufa akanijia uso umemshuka, nikamvulia bangili zangu za mahari, zote sita. Kila aliporudi kwangu alikuwa anaongea na fundi kwenye simu, chakula kinapoa. Nilikuwa najiambia, gari la mke mwenzangu linanila mimi.

Mimi nilikuwa napamba maharusi, sasa niko ndani, sigusi hata wanja. Ndiyo maana nimeshtuka kusoma habari za kompresa. Bi Mkubwa, kompresa nimeilipa mimi. Shemeji Twaha alikuja hapa mwezi uliopita, akasimama nje ya pazia, nikampa fedha niliyoiweka ya kodi ya chumba. Labda gari lile lina kompresa mbili? Mimi sijui magari.

Mdogo wako,
Najma

*

Mchafukoge,
25 Februari 2025

Kwa Najma,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu, na ya tatu nilikuwa nacheka, mpaka shangazi akaingia kunitazama kama nimepata wazimu. Magoti yangu! Mimi magoti yangu napanda ngazi ghorofa tatu na gunia la mchele. Nilipanda gari lile mara moja tu, siku ya Idd, tukafika Mnazi Mmoja likashuka tumbo mbele za watu, nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwa na baibui jipya.

Kwa hiyo mimi nilidhani ni lako na wewe ukadhani ni langu. Tulikuwa wake watatu, mdogo wangu, na yule wa tatu alikuwa anakunywa petroli.

Nimemuuliza Twaha habari ya kompresa. Kasema ziko mbili, ya mbele na ya nyuma. Kaongeza kwamba sasa yanatakiwa maputo ya springi, mawili kwako, mawili kwangu, na tusipoharakisha fundi atatoza fedha ya maegesho. Alizungumza kwa upole sana. Nikaona aibu kumdhania vibaya ndugu wa marehemu, nikampa cherehani yangu akaiuze. Na wewe fanya unavyoweza. Ramadhani imekaribia, sitaki tuifunge huku tunadhaniana.

Maimuna binti Shomari

*

Kariakoo,
15 Aprili 2025

Bi Mkubwa,

Shikamoo. Nakuandikia haraka, Kuruthumu amesimama mlangoni na vitumbua vinapoa.

Kwenye kundi letu la wapambaji wanatumiana picha za maharusi. Tangu Idd ipite ni harusi juu ya harusi. Jana wameleta picha za bibi harusi mmoja akishuka ukumbini pale Mnazi Mmoja. Gari jeusi, kubwa, maua mpaka kwenye vioo, namba zimefunikwa na kibao cha Bwana na Bibi Harusi. Nikataka kupita. Halafu nikaona limekaa upande, nyuma kushoto, kama kuku anayetaka kutaga. Bi Mkubwa, hakuna gari lingine Dar nzima linalokaa vile. Nikaikuza picha. Kwenye kioo cha ndani inaning'inia tasbihi ya marehemu, ile ya kijani.

Nikamuuliza mwenzangu kwa ujumbe. Anasema gari hilo linakodishwa na mtu anaitwa Twaha, toka Februari, na Jumamosi hii limelipiwa tena. Linapambwa asubuhi pale pale gereji, saa sita linakwenda kumchukua bibi harusi. Tena anatafuta mnunuzi kimya kimya kabla hatujatoka eda.

Hakuna kompresa iliyonunuliwa. Si ya mbele wala ya nyuma. Fedha za kofia zako, cherehani yako, kodi yangu, vyote kavila yeye. Nina hasira. Tufanye nini na sisi tumefungiwa?

Najma

*

Mchafukoge,
16 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Kikulacho kimo nguoni mwako. Alijua mjane wa eda hatoki, na wake wenza hawasemezani. Alitegemea eda yetu na kiburi chetu, na zaidi kiburi.

Nimemtuma shangazi kwa sheikh. Sheikh kashangaa. Kasema mjane ana ruhusa kutoka mchana akiwa na haja ya kweli, mradi alale nyumbani kwake. Hizo kufuli nyingine tumejifunga wenyewe na mashangazi zetu. Haja gani kubwa kuliko hii?

Sikiliza. Jumamosi saa nne asubuhi mimi nitakuja gereji na nyeupe zangu za eda. Na wewe uje na zako. Tutafungua mlango wa nyuma, tutakaa ndani ya gari, wewe kulia mimi kushoto. Basi. Hatugombani na mtu, hatumtukani mtu. Nitajie Mswahili mmoja atakayemtia binti yake kwenye gari la harusi waliloketi wajane wawili wa eda.

Tuwahi kabla halijaondoka, maana bibi harusi hana kosa na sitaki kisirani kimfike. Nimemwagiza Kuruthumu awaambie watu wa bibi harusi wakodi jingine mapema.

Na usiseme neno. Kiapo changu kiko pale pale.

Maimuna

*

Kariakoo,
20 Aprili 2025

Bi Mkubwa,

Shikamoo. Sijalala vizuri kwa kucheka na kulia.

Nakuapia nilijitahidi. Twaha alipopiga kelele sikusema. Wale vijana wa maua walipokimbia na ndoo zao sikusema. Uliponipa mkono nipande, nikauma mdomo. Lakini gari lilipoanza kushuka nasi ndani, linapumua tu taratibu kama bibi kizee anayekaa mkekani, mpaka tumbo likagusa lami, "Mamaaa!" ilinitoka yenyewe. Nisamehe kwa kiapo chako. Na wewe ulicheka, Bi Mkubwa. Nilikuona ukijifunika ushungi.

Fundi amesema sasa halinyanyuki tena, na kompresa iliyomo ni ile ile mbovu ya siku ya kwanza. Hakuna atakayelinunua likiwa zima. Liuzwe spea, kipande kipande. Funguo amenipa mimi.

Najua fedha itapungua. Najua uliihesabia safari. Naumia kwa hilo kuliko bangili zangu.

Najma

*

Mchafukoge,
22 Aprili 2025

Kwa Najma binti Salumu,

Nilicheka, ni kweli. Halafu gari lilipotulia nikatazama mkono wako ulipokimbilia. Mtu akishtuka hushika kichwa au kifua. Wewe ulishika tumbo.

Una miezi mingapi? Mimi sijazaa, lakini nimewakanda wazazi wengi, najua tumbo la shibe na tumbo la mtoto. Umekaa nami kwenye karatasi tangu Februari. Umeniandikia habari za brekipedi, sensa na giaboksi. Hili ukaliona dogo? Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe unaficha huku unazaa.

Unajua maana yake kwangu. Abdulhamid akiwa hana mtoto nina fungu la kueleweka. Akiwa na mtoto, langu linakatika nusu, na ni nusu ya gari lisilonyanyuka. Nilikuwa nakuambia Kaaba, Kaaba, na wewe ukijua kwamba haipo.

Usiniandikie kwanza. Nina uchungu, na uchungu wangu si wa fedha tu. Miaka thelathini nilimwomba Mungu kitu ulichokipata kwa miaka mitatu.

Maimuna

*

Kariakoo,
24 Aprili 2025

Bi Mkubwa,

Shikamoo. Umesema nisiandike, nimeandika. Ukiichoma sitajua.

Miezi minne na nusu. Mimba mbili zilishatoka kabla ya hii, hata marehemu sikumwambia ya pili. Nilijua mwenyewe wiki moja baada ya kumzika. Nikaogopa kuitaja isije ikatoka nayo, na nikamwogopa Twaha, kwa kuwa bila mtoto yeye ndiye mrithi mkubwa. Wewe sikukuogopa mwanzoni, nilikuwa sikujui. Nilipokujua kwa barua ndipo nikakuogopa, maana sikutaka kukupoteza. Huo ndio ukweli wangu wote.

Sasa Twaha ameliona tumbo pale gereji. Anawaambia wazee wa msikiti kwamba mtoto si wa kaka yake. Anasema Abdulhamid aligawa zamu kwa wiki mbili mbili, na wiki mbili za mwanzo wa Desemba zilikuwa zako, kisha akaugua na hakutoka tena kwako mpaka anakufa. Bi Mkubwa, alikuja kwangu Desemba ile. Alikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, akakaa siku nne. Nilimwambia hii si zamu yangu. Akasema, "Bi Mkubwa kanipa ruhusa." Sikuuliza zaidi. Hakuna aliyemwona isipokuwa mimi.

Sikuombi kitu. Nimekwambia tu, ili usiyasikie kwa mwingine.

Najma

*

Ilala,
28 Aprili 2025

Kwako shemeji yangu mpendwa, Bi Maimuna,

Baada ya salamu, naomba tuyasahau ya gereji. Shetani alipita kati yetu. Fedha niliyopokea kwenu nitairudisha kidogo kidogo, Mungu akipenda.

Shemeji, wewe ni mtu mzima na unaijua dini. Jumatatu ya tarehe kumi na mbili, siku unayotoka eda, wazee watakuja kwako kukuuliza swali moja tu: zamu ile ya Desemba ilikuwa ya nani? Nao wanajua, mtaa mzima unajua, kwamba ilikuwa yako. Wewe sema tu kwamba ilikuwa yako. Sikwambii useme uongo.

Bila mtoto, wajane mna robo. Akikubaliwa mtoto, robo inakuwa thumuni. Mimi kwa upande wangu niko tayari kukuongezea kutoka fungu langu, ili ndoto ya kaka ya kukupeleka Makka itimie. Hiyo ahadi yake naiona kama deni langu. Yule binti ni mdogo, ataolewa tena. Wewe una nani zaidi ya sisi?

Wako katika heshima,
Twaha

*

Kariakoo,
8 Mei 2025

Bi Mkubwa,

Shikamoo. Kuruthumu ananiletea vitumbua bila barua yako, siku ya kumi na nne hii. Nimemuuliza kama uko mzima. Kasema mzima, ila dirisha lako lipo wazi kutwa, unasikiliza mahujaji wanavyoagwa mtaani kwa dufu.

Twaha kaniambia amekuandikia. Alikuwa anatabasamu.

Gari limekwisha kukatwa. Taa zimekwenda duka moja, milango duka jingine, viti kanunua mtu wa baa. Fedha iko kwa sheikh, sijaigusa. Tasbihi niliitoa kabla, nakuletea ndani ya barua hii. Ni yako.

Ukisema lolote tarehe kumi na mbili sitakuchukia. Mtoto akipiga teke nalia, basi. Naogopa, Bi Mkubwa.

Najma

*

Mchafukoge,
13 Mei 2025

Mdogo wangu Najma,

Marahaba kwa shikamoo zako zote ambazo sikuzijibu.

Jana wazee walikuja watatu, Twaha kavaa kanzu yenye manukato. Nilikuwa nimeoga, nimevua nyeupe, nimekaa sebuleni uso wazi. Wakauliza zamu ya Desemba ilikuwa ya nani. Nikasema, yangu. Twaha akashukuru Mungu kwa sauti. Nikasema, "Ngoja, shemeji, swali halijaisha. Niulizeni alilala wapi."

Nikawaeleza. Siku ile gari lilikaa chini mlangoni kwangu, likakataa kuinuka. Abdulhamid akaniomba niuze cherehani anunue kompresa. Tukagombana mpaka majirani wakafunga madirisha. Nikamwambia, nenda kwa yule uliyemnunulia, na usirudi mpaka gari lako litembee. Akatoka kwa miguu. Siku nne sikumwona. Aliporudi tayari alikuwa na homa. Hakuwaambia ninyi kwa aibu, na mimi sikusema kwa kiburi. Mtoto ni wa Abdulhamid. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfukuzia baba yake kwenye mlango wa mama yake.

Wazee wakaandika. Twaha alitoka hakuaga, kiatu cha kulia kakivaa mguu wa kushoto.

Usidhani nilifanya upesi. Siku kumi na nne nililala na barua ya Twaha chini ya mto wangu wa kulalia, na kuna asubuhi mbili niliamka nimeamua kusema neno moja, "yangu," na kunyamaza. Isingekuwa hata uongo. Nilisikia dufu za mahujaji, nikajiambia Mungu atasamehe. Kisha nikajiuliza, nitasimama mbele ya Kaaba nimwombe nini, na mtoto wa mume wangu nimemwacha nyuma bila jina? Basi Makka yangu imekwenda, mdogo wangu. Nimelia usiku kucha. Bado inauma, sitaki kukudanganya.

Sasa kuhusu kiapo. Sheikh anasema "Mamaaa" yako ningeweza kusamehewa, kwa kuwa iliniingia bila kutaka. Lakini nilicheka, na nilitaka kuisikia tena. Kwa hiyo kiapo kimevunjika na kafara yake ni kulisha masikini kumi. Nimepika pilau tangu alfajiri. Nimewalisha tisa hapa uani, na Kuruthumu alikuwa mmoja wao.

Mimi nimetoka eda. Wewe hutoki mpaka ujifungue, na kodi ya chumba Twaha kaila. Masikini wa kumi sikumtafuta mbali. Kuruthumu anakuletea barua hii, na mimi niko nyuma yake na sahani. Fungua mlango, na useme karibu kwa sauti.

Dada yako,
Maimuna